Kona Saba

Jumamosi, saa tisa alasiri. Baridi ya Novemba
imetuingia hadi kwenye meno.
Tymek kavaa soksi mbili mbili na skafu ya babake
inayomwagika hadi magotini;
Jagna ana daftari, penseli, na uso wa mhasibu
anayejua kampuni haina kitu.
Tunakaa upande wa mlima mweusi,
mlima uliotapikwa na mgodi kabla haujafungwa,
ambako upepo huingia bila tiketi.

Iskra, timu yetu. Maana yake Cheche.
Msimu huu haijawasha hata njiti ya kiberiti:
mechi kumi na moja, pointi mbili,
na moja kati ya hizo tulipewa na ukungu.

Kipa wetu ni Wacław, fundi bomba.
Jumanne alilala chali chini ya sinki langu
akiyalaani mabomba ya utawala uliopita.
Sijamlipa.
Kwa hiyo bao la kwanza linapopenya katikati ya miguu yake
mimi sizomei. Mdomo wenye deni hauna sauti.
La pili kwa kichwa. La tatu, mungu wangu,
la tatu lilikuja likitembea.

Anainama kuokota mpira wavuni, ananiona,
anauliza kwa sauti ya mtu aliye kazini:
"Bogna! Bado linavuja?"
"Kidogo!"
Jukwaa zima linacheka, watu mia na ishirini
na mbwa mmoja,
na mshika kibendera naye anageuka asionekane.

Mapumziko. Soseji moja, watu watatu,
haradali yote ya Tymek.
Simu inatetemeka: baba yao, Stavanger,
anakochomelea vyuma vya meli.
*Ngapi?*
*Tatu.*
*Zetu?*
Narudisha simu mfukoni.

"Zipo timu zinazoshinda," asema Jagna,
macho hayatoki daftarini. Safu ya mabao haina kazi,
basi yeye anahesabu kona.
"Kwa nini hatukuchagua mojawapo?"
Nikapapasa mfukoni nikitafuta jibu;
nikatoa mbegu za alizeti, nikampa.
Akazitafuna polepole,
akitema maganda kama babu yake, upande wa kushoto.

Halafu, dakika za lala salama, penalti.
Yetu.
Nahodha anaitazama kamba ya kiatu chake.
Namba tisa anautazama mlima.
Ndipo Wacław anaacha goli,
anavuka uwanja mzima kwenye tope,
anajifuta glavu mapajani, hana haraka,
kama mtu aliyeitwa kwenye nyumba iliyofurika.
Tymek kanishika kidole kimoja tu, anakiminya.

Mkwaju.
Mtambaa panya ukalia ngoo!
mlio ukaenda hadi mlimani ukarudi.
"Umegonga! Umegonga!" Tymek anaruka,
skafu inamzonga shingoni, "Mama, umegonga!"
na watu wazima, sijui kwa nini, nao wakaruka,
ilhali mpira umeshadondokea miguuni mwa wageni
na goli letu liko wazi kama mlango wa kanisa siku ya harusi.
Wacław anakimbia kurudi,
anakimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha bomba wazi,
anakimbia hata baada ya mpira kuingia.

Nne.

Getini kasimama, tope hadi kwenye nyusi.
Natoa bahasha, anaisukuma kwa glavu:
"Kwanza liache kuvuja. Jumatatu nitapita."
Tymek anamwambia, "Ulipiga vizuri sana,"
naye Wacław anaukubali mkono wa mtoto wa miaka sita
kwa heshima zote.

Usiku, tone. Tone. Ndoo chini ya sinki.
Nimekuta daftari wazi mezani:

*Iskra sifuri, wageni nne.*
*Kona zetu: saba. Kona zao: tano.*
*Mtambaa panya: mara moja, kwa nguvu.*

Hayo maneno mawili ya mwisho
kayapigia mstari, kisha akaupitia tena,
penseli ikatoboa karatasi.