Mkuu Kallio Hajibu

Alinijua kwanza kwa pua, kabla ya jina.
Mwezi wangu wa pili Thunder Bay, ghorofa ya tatu,
nimefukiza udi ili chumba kimsahau mpangaji wa kale,
na kile kidude cheupe darini kikapiga kelele
kama mtoto aliyebanwa kidole na mlango.
Jirani akapiga simu. Wakaja wanane na mashoka.
Mbele yao jitu lenye barafu kwenye sharubu
likasimama kizingitini, likanusa.
Likanusa tena.
"Huu si moto," akasema. "Ni mti gani?"
Akavua buti asikanyage mkeka wangu.
Wale saba ikabidi nao wavue.

Mwaka uliofuata nikaajiriwa kupokea simu za dharura,
zamu ya usiku, naye akawa sauti tu sikioni:
"Kallio, nimefika."
Maneno mawili. La tatu alilitunza
kwa siku ambayo moto ungeshinda.

Reino Kallio, mwana wa mkata magogo wa Kifini,
miaka thelathini na minne kazini, kumi na mmoja akiwa mkuu.
Gazeti limeandika hayo. Sina ugomvi nalo.
Halikuandika kwamba aliogopa mishumaa ya keki,
kwamba siku ya kuagwa aliizima yote
kwa vidole vilivyolowa mate, watu hawajaanza kuimba.
Halikuandika usiku wa ghala la ngano bandarini,
mji mzima ukinuka mkate ulioungua,
maji yakiganda hewani kabla ya kuufikia ukuta,
na alfajiri wakamkata koti kwa mkasi wa bati
maana vifungo vilikuwa jiwe.
Nikamwambia: kwetu husema moto huzaa jivu.
Akayatazama mapande yaliyoning'inia kwenye ngazi.
"Huku," akasema, "huzaa barafu."

Nyumba ya Mtaa wa Finlayson hakuitaja.
Naijua kwa kuwa simu ile niliipokea mimi,
mimi niliyesikia "Kallio, nimefika,"
kisha dakika nne za kimya,
kisha lile neno la tatu. Sitaliandika.
Kengele ilikuwapo darini, tupu.
Betri yake ilikutwa ndani ya rimoti
ya gari la kuchezea.

Alipostaafu walimnunulia fimbo ya kuvulia samaki.
Haikuliona ziwa.
Alinunua betri kwa katoni, akapita nyumba kwa nyumba,
ngazi ya alumini begani, mifuko ikigongana,
mbwa wa mtaa mzima wakimjua kwa harufu ya kahawa
ya wajane aliowapandia darini.
Kwangu alikuja kila Oktoba, hata nilipomwambia
hii ni mpya, mzee, inakaa miaka kumi.
"Miaka kumi," akajibu, tayari yuko juu,
"hiyo ni ahadi ya kiwanda."

Amekufa Februari, usingizini, pakavu,
na soksi miguuni, alivyolala maisha yake yote
asije akachelewa.
Desturi yao ni kumwita marehemu redioni
mara ya mwisho, na mwitaji ni mwenye zamu.
Nilikuwa mwenye zamu.

"Mkuu Kallio."
Redio ikakoroma.
"Mkuu Kallio, jibu."
Nje, greda lilikuwa likikwangua theluji barabarani,
limekosa adabu, linafanya kazi yake.
"Mkuu Kallio."
Kanuni inataka niseme amemaliza zamu.
Nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya kazini.

Nyumbani nikatoa kipande cha udi kilichobaki,
ule aliosema unanuka kama sauna ya bibi yake
siku ambayo sauna imeamua kuolewa.
Nikaweka chetezo chini kabisa ya kidude cheupe.
Moshi ukapanda bila haraka.
Kikaanza.
Jirani akagonga ukuta.
Nikavua viatu, nikaketi mkekani,
nikakiacha kilie.