Mizani Haijarudi Sifuri

Asubuhi nimeifunua mizani ya abiria,
nimeipangusa kwa shati langu la kazi la zamani,
nikaiwasha. Haina kitu juu yake
na inasema: gramu mia nne.

Nimeizima, nimeiwasha. Mia nne.
Fundi Mwasomola kaja na bisibisi, kapuliza pembeni,
kasema ni vumbi la miezi kumi na saba.
Vumbi nalo lina uzito, kaka,
sisi wenyewe tumetoka wapi?

Leo Songea inarudi.

Ilikuwa mara tano kwa wiki, ikawa mara tatu,
ikawa Ijumaa tu, kisha barua ikabandikwa mlangoni:
"hadi itakapotangazwa vinginevyo."
Kibao cha SONGEA nilikibandua mwenyewe, misumari minne,
nikakilaza kabatini chini ya fomu za mizigo,
maana mbao ikilala nje hapa Kipawa
huamkia kwenye banda la kuku la mtu.

Abiria wetu wakahamia barabarani:
mgonjwa wa figo, mnunuzi wa kahawa wa Mbinga,
wakaijua kila kona ya Kitonga kwa jina.
Sisi tukabaki na ndoo ya kunawia, koki inavuja,
na kiwanja kimya kiasi cha kusikia treni ya Pugu.
Nilijipima. Nilimpima paka.
Nilimpima Komba:
sabini na tisa, Januari;
sitini na nane, mwishoni mwa Februari,
anacheka kwamba nyungu imemyeyusha mafuta.

Hilarius Komba, ambaye hakuhitaji mizani.
Alisimama pale mlangoni, mikono mfukoni:
"Huyu themanini na mbili.
Yule sitini, lakini mkoba wake unadanganya."
Hakukosea zaidi ya kilo moja.
Walisema changamoto ya upumuaji.
Mwaka ule hatukuuliza jina lake la pili.
Miaka tisa aliipakia ndege ya kwao,
naye akarudishwa kwao kwa gari,
siku mbili, mvua, na tairi moja Makambako.

Ndege yenyewe ina viti kumi na viwili,
ya aile isiyokubali kupaa
kabla haijajua nani mzito, nani mwepesi.
Wamekuja saba.
Makao makuu wanapiga: "Saba?" Nasema saba.

Mama Kapinga hataki kupima mbele za watu.
"Niandike sitini."
Nikamtazama kwa jicho la Komba.
"Sabini na nne, mama."
Akapanda kwa hasira:
sabini na nne, na gramu mia nne.
Hizo za mwisho si zako, nikamwambia,
hakuelewa, sikumweleza.

Kitabu cha uzito nilikifungua palipoishia.
Ukurasa wa mwisho ni mwandiko wake,
saba zilizokatwa kiunoni,
jumla imepigiwa mistari miwili.
Chini yake palibaki nafasi ya watu watano.
Sikugeuza ukurasa.
Wawili nimewabana pembeni, herufi kama sisimizi.

Mizigo: matairi mawili ya pikipiki,
boksi la dawa za hospitali,
keki ya harusi, mwenyewe kaipakata, haishiki mwingine.
Rubani akauliza jumla, nikamtajia.
"Na hizo gramu za mizani yako?"
"Fundi anasema vumbi."
"Ziandike," akasema. "Zikae mbele."

Propela ikashika. Ikapanda juu ya mabati ya Kipunguni,
ikainama kulia.
Sikupunga mkono, nilikuwa na nyundo:
misumari minne, mmoja umepinda,
kibao kimekaa upande na kitakaa hivyo.

Simu tena. "Jumatano je?"
"Wanne."
"Wanne hawatoshi."
"Wanne," nikasema, "na mmoja yuko hapa mlangoni
bado anabishana na nauli."