Jaa

Mji unaandikwa Kirkcaldy, unatamkwa Kakodi,
na hilo nililijua kabla sijajua nauli ya basi.
Juu ya kilima, nyuma ya kiwanda kinachonuka mafuta ya kitani,
lipo jumba dogo la falaki, kuba lake la shaba kuukuu
linazungushwa kwa mkono, linalia kama mlango wa ghala.
Mimi ndiye wa ndoo na ufagio.

Kila Alhamisi ya baridi, saa moja usiku,
watu hupanda ngazi kuja kutazama mbingu
na mbingu hujivutia blanketi.
Hawajali. Wanalipa pauni mbili, wanapewa chai,
wanapakatishwa kimondo kama mtoto mchanga.
"Kizito!" husema kila mmoja, kana kwamba ndiye wa kwanza kujua.

Bwana Auchterlonie, fundi miwani mstaafu, ndiye huwaeleza.
Majira mawili nimemsikiliza kutoka nyuma ya pazia,
umri wa mwanga, pete za barafu,
hadi nikaanza kumfuatisha kimoyomoyo.
Akitaja sayari yake, mimi nasema Zohali.
Akionyesha nyota saba zilizosongamana, nasema Kilimia,
na viganja vyangu vinakumbuka mpini wa jembe.

Usiku ule mapafu yalimlaza kitandani.
Morag Kinninmonth, mwenye funguo, akaitazama foleni:
dereva wa lori, wajane wawili wa kanisa moja,
mtoto wa Kipolandi, Ludwika, na baba yake aliyesinzia wima.
Kisha akanitazama mimi.
"Wewe unajua," akasema, wala hakuwa anauliza.
Nikavua glavu za mpira.

Sikuanza na mwanzo wa ulimwengu. Nilianza na taka.
Kwetu Tanga, nikasema, neno ni moja:
jaa ni pale tunapotupa maganda na majivu,
na jaa ni kaskazini, ni ile nyota isiyohama
wenzake wakiizunguka usiku kucha.
Ila kwetu haionekani, imezama chini ya upeo.
Neno nilikuja nalo. Nyota nimeikuta hapa,
juu ya bomba la moshi la mwoka mikate.

Wajane wakacheka. Ludwika hakucheka.
"Kwa nini nyota ikae jalalani?"
Nikasema sijui.
Nikasema labda chuma kilichomo damuni mwako
ni taka za nyota iliyokwisha kuzimika,
na hilo nimeliiba kwa Bwana Auchterlonie,
ila yeye hulisema kwa upole zaidi.

Ndipo dereva, aliyekuwa dirishani, akapiga ukelele:
kumetakata!
Tukakimbia. Kuba likalia. Dakika nne, labda tano.
Mmoja mmoja wakapanda, nami nimeishika ngazi,
nikiijua Zohali kwa midomo yao tu:
huyu kasema "aa", dereva katoa tusi, akawaomba radhi wajane.
Mjane wa pili hakusema kitu. Alikaa pale muda mrefu mno
na hakuna aliyemharakisha.
Baba yake Ludwika aliamka.

Zamu yangu ilipofika, wingu lilikuwa limesharudi.
Nikatazama hivyo hivyo.
Weusi wa kijivu, na kope zangu mwenyewe.

Saa nne. Nikafuta jicho la darubini
kwa kitambaa laini, si kile cha meza:
palikuwa na wanja, na unyevu ambao haukuwa pumzi.
Nikakusanya vikombe. Nikaufunga mfuko, umejaa,
nalo hilo ni neno lilelile,
nikakumbuka wameshaondoka.

Taa ya nyuma imekufa tangu Oktoba.
Hatua kumi na tisa hadi kwenye pipa, mkono wa kushoto ukutani.
Pipa liko upande wa kaskazini, sikulipanga mimi.
Silioni, ila nalifikia.
Nikainua uso kidogo.
Ukungu wa bahari, mzito, unanukia chumvi na kitani.

Nikatua mfuko, nikafunika,
nikawahi basi la mwisho.