Koo Mbili

Ndoo ya kwanza nimeiandika K, yaani kopo.
Ya pili N, yaani Nunge.
Maji yale yale, chumvi ile ile, gramu thelathini kwa lita,
taa moja inaning'inia katikati isimpendelee mtu.

Kopo lilikuja kwa ndege, limefungwa bila hewa,
lina picha ya ziwa nisilojua linanukaje.
Wa Nunge walikuja kwa mkono wa Sikudhani Pazi,
katika mfuko wa chumvi uliokunjwa mara nne:
vumbi la kahawia, alilolikwangua ukingoni mwa jaruba
pale upepo unapolisukuma pamoja na povu.
"Chukua," akasema. "Sisi tunaita uchafu."

Saa ishirini na nne. Nazima pampu.
Maganda yanapanda juu, walio hai wanashuka
kuifuata tochi yangu chini ya ndoo,
ukungu wa rangi ya chungwa, unaotetemeka.
Nahesabu chini ya darubini, jicho moja nimelifumba.
Katika mayai mia, kopo wameanguliwa themanini na wanane.
Nunge, sitini na mmoja.
Mkono hautaki, lakini naandika.

Kisha kamba wenyewe, watoto wa siku ya tano,
macho mengi, mwili kama kope iliyodondoka.
Anamkamata wa kopo, anamgeuza,
anamgeuza tena, anachoka, anamwachia.
Wa Nunge anaingia kinywani bila majadiliano.
Ni tofauti ndogo kuliko unene wa uzi wa buibui,
na mtoto anakufa njaa ndani ya tofauti hiyo.
Siku ya nane vinywa vimekua. Wote wanakula wote.

Siku ya kumi na moja tukafungua matangi.
Ya kopo: walio hai sabini na wawili kwa mia.
Ya Nunge: sabini na sita.
Bwana Mwinchande, anayelipa mishahara Bagamoyo na madeni Dar,
akauliza, "Kwa hiyo tumeacha kununua makopo?"
Nikasema, bado.
Hao wanne si ushindi. Hao wanne ni usiku wa Jumanne,
umeme ulipokatika, jenereta likakohoa likanyamaza,
nikashika pampu ya baiskeli nikawapulizia hewa
tangi kwa tangi mpaka alfajiri,
nikaanza na wa Nunge.
Hakuna aliyeniona. Nilianza na wa Nunge.

Nikamrudishia Sikudhani mfuko wake. Alikuwa anakokota chumvi,
hakusimama. "Baba ndiye aliyewamwaga," akasema.
"Mradi ulipofungwa, wenyewe wakaondoka, likabaki kopo nusu.
Akaona haya kulitupa. Akalimimina jarubani.
Lilikuwa na picha ya ziwa. Nilichezea mimi, darasa la pili."

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Hawa walipewa jua na maji machungu,
wakazaa, wakakauka, wakazaa,
mpaka mwili ukapungua ukaenea kwenye kinywa
ambacho hawakuwahi kukiona.

Sijui tena N ni herufi ya nani.
Nimeiacha kwenye ndoo, wino umeanza kuchuja.
Kesho naanza upya, matangi manane badala ya manne.
Pampu ya baiskeli ipo chini ya kitanda,
na juu yake sarafu ya shilingi mia mbili:
umeme ukikatika, nitairusha gizani,
nitaipapasa sakafuni
kujua naanza na nani.