Kidole cha Porfiria

Walikuja usiku wa kuamkia kura,
wawili, taa ya pikipiki imezimwa,
wakabisha kwa Porfiria Benegas,
kaskazini ya Paragwai, kando ya mto
ambao daraja lake limezinduliwa mara tatu
na watu bado wanavuka kwa kamba.

Hawakumwomba kura.
Walimwomba asipige.
Noti mbili, chupa ya mafuta ya kula,
na kitambulisho watakirudisha Jumatatu.
"Lete kidole, mama," akasema yule mdogo,
mtoto wa Blasia,
ambaye kitovu chake alikikata yeye.

Wino ulikuwa baridi.

Asubuhi akakanda unga wa muhogo kwa mkono mmoja.
Majirani wakapita na nguo za kanisani
kuelekea shuleni kwenye masanduku,
wakakiona kidole: "Ala! Umetuwahi!"
Akaitikia kwa kichwa.

Redio ikasifu: uchaguzi huru, wa amani,
hakuna hata jiwe lililorushwa.
Kweli. Nani arushe jiwe
kwa mkono aliouficha ndani ya aproni?

Alijaribu ndimu. Alijaribu majivu,
na mchanga wa mtoni, mpaka ngozi ikachubuka.

Mafuta yaliisha siku ya tisa.
Ukucha wa mtu wa miaka sitini hauna haraka:
mheshimiwa alikuwa ameshaapa, ameshanenepa,
siku Porfiria alipokata kwa kisu
kile kipande cha mwisho cheusi,
akakitazama kiganjani,
chepesi kama kapi la mpunga,
asijue akitupe wapi.