Kisanduku cha Kemia

Julai, na baridi ya Moshi imeingia hadi kwenye kibodi.
Duka la Kandidi, nyuma ya stendi:
fotokopi mia, kuchapa mia tano,
kujaza fomu za vyuo bei ya maelewano.
Nimekalia kiti chenye mguu uliofungwa mpira wa baiskeli,
naitazama fomu ya ufadhili
nayo inanitazama.

Jina: Elinaike Mghase.
Biolojia: B.
Fizikia: C.
Kemia:

Kijistari kinawaka, kinazima, kinawaka,
kama mtu aliyekwisha kuuliza
na hana haraka ya kuondoka.

Chini yake, kwa maandishi ya karatasi ya dawa:
*Anayekusudia kurudia mtihani anaweza kuacha wazi,
akatuma matokeo mapya yatakapotoka.*
Anaweza.
Nimelisoma neno hilo mpaka limeisha utamu.

Ninakusudia, ndiyo. Ada ya kurisiti nimeshalipa,
risiti iko kwenye Biblia ya mama, Zaburi ya ngapi sijui.
Mei mwakani nitasimama tena mbele ya bureti.
Tone moja tu lilizidi.
Nilikuwa natazama saa ya msimamizi,
na ile pinki hafifu, ya kucha za bibi harusi,
ikageuka rangi ya soda.
Tone halirudi juu. Nilijaribu hata kulipuliza.

"Acha wazi," Kandidi anasema, mdomoni ana kijiti cha meno.
"Mlima wenyewe leo ni siku ya tatu haujaonekana.
Umesikia mtu anauliza kama bado upo?"

Nikampigia Mwalimu Ombeni.
Kwanza akakohoa, kisha akaniuliza mvua huko vipi,
kisha akasema: "Ulichopata ni chako, kiandike.
Usichopata bado si chako, usikiringie."
Salio likakata hapo, sijui kama alikuwa amemaliza.

Mama nilimuuliza jana, Kiborloni, katikati ya marobota.
"Mimi usiniulize," akasema,
"mimi hulikunja shati doa likaenda ndani."
Akapiga mluzi kumwita mteja, akanigeukia:
"Ila akirudi nalo, namrudishia hela yake.
Hata kama nimeshanunulia unga."

Sasa hao wa ufadhili, nikiwaficha,
nitawarudishia nini?

Lakini pia, nikiwaonyesha,
nani atasubiri hadi Mei
kwa ajili ya msichana wa tone moja?
Watasoma E, watageuza karatasi.
Sitakuwepo pale kusema: ngojeni.

E. Kitana kilichobaki na meno matatu.
Nikaitafuta kwenye kibodi kana kwamba imehama,
nikaikuta ilipokuwa, imefutika kwa vidole vya watu,
na hapo nikakumbuka kwamba ndiyo herufi
niliyoanza nayo maisha.
Chekechea niliiandika imegeuka, meno yakitazama ukuta.
Mwalimu hakunipiga. Alisema, andika tena.

Nikaibonyeza.

Kilibaki kisanduku cha *Maelezo mengine*,
herufi mia moja na hamsini, nafasi zikihesabiwa.
Nilianza na msimamizi na saa yake. Nikafuta.
Nikaanza na maabara yetu, wanafunzi sita bureti moja. Ni kweli,
ila nikafuta.
Nikaandika: *Kemia nitairudia Mei. Nimeshajiandikisha.*
Zikabaki herufi mia nzima. Sikuzijaza.

Kandidi akatikisa kichwa, akachapa nakala,
akaitoa kwenye mashine ikiwa na joto la chapati.
"Mia tano. Ushauri nilikupa bure."

Nikaipeleka Kiborloni.
Mama akaishika mbali na macho, akaisoma kwa midomo,
alipofika pale midomo ikatulia,
halafu ikaendelea.
Akaikunja mara nne kama anavyokunja mashati,
akaitia kwenye mfuko wa aproni, penye noti.
Sikuona E imekaa upande wa ndani au wa nje.
Mteja alikuwa anasubiri, na shati lake lilikuwa na tundu.