Maji Hatununui

Lori la tano asubuhi hii, kutoka Buwenge,
limejaa vibanzi hadi turubai linavimba.
Nafungua, harufu inanipiga puani:
mikaratusi iliyokatwakatwa jana,
bado haijajua kuwa imekufa.

Kazi yangu si kubwa. Nina chekeche tatu,
mizani, na tanuri dogo la kukaushia.
Kibanzi kinene hakiivi, kinabaki na kiini kigumu
katikati ya rojo, kama ugali wa mvivu.
Chembamba mno huyeyuka kikawa si kitu.
Gome ni kuni. Fundo lirudi kwa mwenyewe.
Nakitaka cha wastani, upana wa kiberiti,
unene wa kucha ya kidole gumba.

Jumapili, pale Walukuba, padri alihubiri
kibanzi jichoni mwa ndugu, boriti jichoni mwako.
Nikacheka kimoyomoyo.
Angepita kazini kwetu angeona
kila boriti huishia kibanzi;
shauri ni nani ameshika mpini wa mashine.

Mwenye mali alishuka upande wa dereva:
Naigaga, mjane wa Tenywa,
gomesi la kijani, vumbi hadi kwenye mshipi.
Nilichota konzi moja, nikapima, nikakausha,
nikapima tena. Gramu mia zimekuwa hamsini na nane.
"Arobaini na mbili kwa mia ni maji, mama.
Maji hatununui."

Akanyamaza kama mtu anayepapasa sarafu gizani.
"Maji gani?"
"Yaliyomo ndani ya mti."
"Hayo niliyateka mimi.
Mwaka ule jua lilikula hata nyasi za paa.
Tenywa kalala na mguu wake,
miche haijanifika magoti,
nami na madumu, mawili alfajiri, mawili jioni,
kisimani hadi kilimani, na mimba ya Kagoya mbele yangu.
Miche mia mbili. Kila mmoja na kikombe chake.
Ndiyo hayo unayonikata?"

Nikatazama mizani. Mizani haijawahi kubeba mimba.
Kanuni ya kiwanda imebandikwa ukutani
juu ya karatasi ya kiwanda.

Nikamwandikia risiti: uzito, unyevu, makato, salio.
*Mali bila daftari hupotea bila habari*,
tulikaririshwa shuleni, mikono nyuma.
Hawakutuambia kwamba daftari nalo lina meno,
na kwamba huanzia shinani.

Akaipokea, akaipindua, akainusa.
"Hii mmeitengeneza hapa?"
"Hapa hapa."
"Basi labda ni mti wa jirani yangu.
Alikuja kuuza mwaka jana. Alirudi kimya."

Nikamsogezea wino. Kidole gumba kikashuka,
kikainuka, kikaacha miviringo ndani ya miviringo
kama kisiki kilichokatwa leo.
Sikuihesabu.

Lori la sita lilikwisha piga honi getini
alipoomba maji ya kunywa. Nikampa kikombe.
Akakitazama, akanitazama,
akanywa nusu.
Nusu akaumwagia mpapai mchanga
uliojiotea wenyewe kando ya mizani.